Hatua Sitini

Bwana Mipango alipochora alama kubwa ya kosa kwa chokaa kwenye ukuta wa nyumba ya Tharsisi, mke wa Tharsisi aliitambua papo hapo. Esteria alikuwa mwezi wa tano katika kisomo cha watu wazima, na alama ile alikuwa ameizoea. Ndiyo aliyowekewa na mwalimu kila alipokosea kuandika. Kilichomshangaza ni kwamba hata nyumba inaweza kukosea. Aliweka chini ungo wa maharage, akaja mbele akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mwakeye, Bwana Mipango," alisalimu. "Nyumba yetu imefanya nini?"

Bwana Mipango huyu, Ndugu Mbwambo, alikuwa mgeni katika kata ya Kumurama, wiki ya tatu tu tangu aletwe kutoka Upareni. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, kila moja na kazi yake.

"Imetoka kwenye mstari, mama. Imetangulia mbele hatua kumi na moja. Tazama mwenyewe."

Esteria hakuwa na haja ya kutazama. Nyumba arobaini za kijiji zilisimama kando ya barabara ya Kibondo kwenda Kasulu, zimenyooka mpaka zinachosha macho. Ya arobaini na moja, ya kwao, mwisho kabisa upande wa Kasulu, ilikuwa imejitokeza mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Irudi nyuma," alisema Mbwambo. "Mna siku kumi na nne. Tarehe ishirini na tisa mgeni kutoka mkoani anapita hapa, na anataka kuona vijiji vimenyooka."

"Irudi vipi, Bwana Mipango? Nyumba haina miguu."

"Ibomolewe, ijengwe upya. Miti ni ile ile."

"Na nyasi?"

Mbwambo aliandika kitu kwa kalamu ya pili. Nyasi hazikuwemo katika fomu yake. Lakini kwa Esteria habari yote ilikuwa nyasi. Ilikuwa Oktoba ya mwaka wa sabini na tano. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi. Na kiangazi kile watu wa nyumba arobaini na moja walikuwa wamefyeka vilima vyote vilivyo karibu, na kilichobaki kikachomwa na wawindaji. Nyasi nyingine zingefaa kukatwa Juni. Nyasi kuukuu ukizing'oa zinakatika vipande, nusu nzima unamwaga jalalani. Na mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima kila alasiri. Kubomoa nyumba wakati ule maana yake ni kulala chini ya nusu paa mpaka mwaka mwingine, na ndani ya nyumba ile alikuwamo Niyitegeka, mama yake Tharsisi, aliyevunjika nyonga tangu Pasaka na asiyeweza hata kujigeuza kitandani bila kushikwa.

Tharsisi alifika kutoka shambani jembe begani, akaikuta alama, akaikuta kalamu. Alikuwa mwanamume mwema, mwenye nguvu za kubeba gogo peke yake, ila alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: mbele ya mtu mwenye kalamu hakuweza kusema neno lolote isipokuwa ndiyo.

"Umeelewa, Ndugu Tharsisi?"

"Ndiyo, ndugu."

"Siku kumi na nne."

"Ndiyo, ndugu."

Esteria alimtazama mume wake kwa hasira ya kweli. Ndani, Niyitegeka alikohoa na kuuliza kwa sauti kubwa ni nani anayekubali kila kitu huko nje, kama siyo mwanawe.

* * *

Kosa lenyewe lilianza na miguu ya Ndugu Magesa. Agizo lililoletwa na Operesheni ya kuhamishia watu vijijini lilisema nyumba zote ziwe hatua sitini kutoka barabarani. Futi kamba ya kata ilikuwa imeazimwa na watu wa Kasulu kupimia kiwanja cha mpira siku ya Saba Saba, na haikurudi. Kwa hiyo Magesa, aliyekuwa Bwana Mipango wakati huo, mtu wa Musoma mwenye miguu mirefu ajabu, alipima kwa miguu hiyo. Alipima nyumba arobaini, akahamishwa. Tharsisi alikuwa na msiba wa baba yake, akachelewa kushuka kutoka mlimani. Aliposhuka, aliyempimia ni Katibu Kata, Ndugu Longinus, mtu wa kimo cha kawaida anayevaa suruali ya kubana.

Siku ile Tharsisi alijikaza, akauliza kwa nini wenzake wako nyuma na yeye yuko mbele.

"Agizo linasema hatua sitini," Longinus alimjibu. "Nimehesabu sitini. Au wewe unajua hesabu kuliko serikali?"

Tharsisi alisema ndiyo, halafu akasema hapana, halafu akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

* * *

Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikutana Jumanne katika darasa la tatu la shule ya msingi. Wajumbe walikalia madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, isipokuwa Mwenyekiti, Mzee Pasikali, aliyeletewa kiti cha mwalimu. Esteria na Tharsisi walifika asubuhi umande haujakauka, wakaambiwa wangoje nje mpaka dondoo la saba, Matatizo ya Wananchi. Dirisha halikuwa na mbao, kwa hiyo walingoja huku wakisikia kila kitu.

Dondoo la kwanza lilikuwa kusahihisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Kumbukumbu zilisema kikao kilifunguliwa saa tatu. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba ilikuwa saa tatu na nusu. Mwingine akasema Mwenyekiti ndiye aliyefika saa tatu na nusu, ila kikao kilikuwa kimekwisha kuanza moyoni mwa wajumbe. Jambo hilo lilijadiliwa kwa undani mpaka jua likawaondoa Esteria na Tharsisi ukutani walipoegemea. Kisha ikaja habari ya mbuzi waliokula mihogo ya shule, ikaundwa kamati ndogo. Kisha choo cha ofisi, kamati ndogo nyingine. Kisha chai, ambayo haikuhitaji kamati. Ila sukari haikutosha, na Gharibu mwenye duka, aliyekuwa mjumbe, alilaumiwa kwa nusu saa nzima.

"Nakwenda kukojoa," alinong'ona Tharsisi.

"Usiende," Esteria alisema. "Ukienda ndipo watatuita."

Waliitwa saa nane. Esteria alikuwa amejitanda kanga yake nzuri, ile ya harusi ya Renatus, mwanawe mkubwa aliyekuwa akifanya kazi Tabora. Hakuna aliyewaonyesha pa kukaa. Walisimama mbele ya ubao, na nyuma yao kulikuwa na hesabu za kujumlisha.

"Tatizo lenu?" aliuliza Mzee Pasikali. Alikuwa mzee wa heshima, aliyekata mkonge Tanga miaka kumi na minne na kurudi na saa ya mkononi isiyotembea. Alikuwa anaivaa bado.

"Ndiyo," alisema Tharsisi.

Esteria alimkanyaga mguu, akasema yeye. Alieleza habari ya nyasi, ya mvua, ya bibi asiyeweza kuamka. "Hatukatai kuhama, wazee wangu. Tunaomba muda tu. Mtuache mpaka Juni, tukate nyasi, tuirudishe nyumba kwa mikono yetu wenyewe. Na aliyetupimia hapo ni kata, hatukujipimia."

Alikuwa ameufanyia mazoezi msemo huo wa mwisho njia nzima, wala hakujua kwamba ndio ungemharibia. Longinus aliinuka kutoka kwenye dawati kwa shida.

"Ndugu Mwenyekiti, je, inadaiwa kwamba hatua zangu zina kasoro? Mimi nilihesabu sitini. Ikiwa nyumba ile imekosea, basi Katibu Kata amekosea."

Wajumbe waliguna. Jambo hilo halikuwezekana.

"Mimi sisemi Katibu amekosea," alisema Mbwambo. "Nasema nyumba imekosea. Mstari unaonekana kwa macho."

"Agizo halikusema macho. Limesema hatua."

"Mgeni wa mkoa atakuja na macho, ndugu yangu, hatakuja na miguu yako!"

Mwenyekiti aligonga meza kwa saa yake. Mwalimu mkuu, Venanti, aliyekuwa kimya tangu asubuhi akisahihisha madaftari chini ya dawati, aliinua mkono. Alisema kwa kuwa ni nyumba moja, na kwa kuwa mama ameomba mpaka Juni, basi apewe mpaka Juni.

Esteria aliona tumaini, akalishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema Mwenyekiti kwa upole, "hilo ni oni. Sisi hapa tunatafuta azimio. Swali lililo mbele yetu ni kubwa kuliko nyumba ya mama huyu. Swali ni hili: hatua ya serikali ni hatua ya nani?"

Hapo kikao kilichangamka kuliko wakati wowote. Mmoja alitaka hatua ya askari, lakini askari alikuwa Kibondo. Mwingine alitaka wachukue hatua ya mrefu na hatua ya mfupi wazigawe kwa mbili, na Mwalimu Venanti alipoulizwa kama inawezekana alisema inawezekana, lakini alisema kwa uso uliowatia wasiwasi. Mwisho Gharibu, ambaye bado alikuwa na deni la sukari moyoni mwao, alisimama na kusema kwamba katika kata nzima hakuna mguu unaoweza kuwa juu ya mguu wa Mwenyekiti. Walipiga makofi. Hata Mbwambo na Longinus walipiga makofi, kila mmoja akimtazama mwenzake.

"Na ombi letu la Juni?" aliuliza Esteria.

"Limepokelewa," alisema Longinus, akaliandika chini kabisa ya karatasi, kwenye Mengineyo.

* * *

Alhamisi kijiji kizima kilikusanyika barabarani. Mwenyekiti alikuja na kanzu na koti juu yake, fimbo mkononi. Mbwambo alichomeka kijiti pembeni mwa barabara mkabala na nyumba ya Tharsisi, akasema kipimo kianzie hapo.

Sasa, mtu mkubwa hatembei kama mtu anayewahi mgao wa mafuta ya taa. Mzee Pasikali alijua anatazamwa. Aliweka mguu, akatulia, akaweka mwingine. Watu walihesabu kwa sauti, kwa furaha, kama wako kwenye ngoma. "Kumi! Kumi na moja!" Kila mmoja alikuwa na hakika mzee atafika mpaka kwenye mstari wa nyumba zao na mambo yaishe. Hatua ya arobaini sauti zilianza kupungua. Ya hamsini waliohesabu walikuwa Longinus na watoto tu. Ya sitini Mwenyekiti alisimama, na ncha ya kiatu chake ikagusa kizingiti cha Esteria.

"Sitini!" alipaza Longinus, na sauti ikamkatika kwa ushindi. "Sitini kamili! Nilisema mimi!"

Esteria alipiga vigelegele kabla hajafikiri. Tharsisi alicheka, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ndoa yao. Kisha wote wawili waliona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

Mbwambo alikuwa ameigeuzia nyumba yao mgongo, anatazama zile arobaini.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema taratibu, "ikiwa hii ndiyo sahihi, basi zile zote zimekosea."

Mzee Pasikali alizitazama nyumba arobaini. Mojawapo ilikuwa yake. Angeweza kusema alikosea hatua, lakini mguu wa serikali ulikuwa umekwisha pigiwa makofi na kuandikwa.

"Agizo ni agizo," alisema, kwa sauti ndogo.

Jioni ile karatasi ilibandikwa mlango wa ofisi ya kijiji, na Mbwambo akapita nyumba hadi nyumba na kopo la chokaa. Alipofika ya arobaini chokaa ilikuwa imekwisha, akaweka alama kwa mkaa.

* * *

Kwa desturi ya kule, moto hauwashwi kila asubuhi kwa kibiriti. Nyumba iliyoamka na makaa huwagawia wengine. Unakwenda na kigae cha chungu, unapewa kaa lako, unapewa na habari za usiku. Esteria na jirani yake Zena, mke wa Athuman fundi cherehani, walikuwa wamegawana moto tangu nyumba zao zingali mashimo ya nguzo. Ijumaa Esteria alikwenda na kigae chake kama kawaida.

"Moto wetu umezimika," alisema Zena mlangoni.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa nyuma ya kichwa chake. Esteria aliutazama, Zena naye akajua kwamba umetazamwa, lakini hakuondoka mlangoni.

"Zena, mimi sikuwaambia wapime."

"Ulikwenda kikaoni. Nani alikutuma? Kama ungebomoa moja, leo tusingebomoa arobaini. Nina kitoto cha wiki tatu, Mama Renatus."

Alikwenda nyumba ya pili, na ya tatu. Moto wa kijiji kizima ulikuwa umezimika siku hiyo. Alikwenda dukani kwa Gharibu kununua kibiriti. Gharibu alisema vimekwisha, na nyuma yake rafuni kulikuwa na pakiti nzima ya vibiriti imepangwa vizuri. Nyumba ya Gharibu ilikuwa ya bati, lakini ilikuwa na alama.

Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Kisimani wanawake walimpisha achote wa kwanza, bila neno, kama mgonjwa. Jioni Tharsisi alikwenda kwenye pombe ya ndizi kwa rafiki zake. Chungu kilikuwa katikati, mirija imesimama ndani yake, na walipomwona kila mmoja alishika wa kwake. Wa ziada haukuwapo. Alisimama kidogo, akasema ndiyo, akarudi nyumbani.

Walikula mihogo mibichi siku mbili. Niyitegeka aliuliza kwa nini hakuna uji, wakamwambia. Macho yake yalitembea kwenye pembe za chumba. Tangu ahamie pale alikuwa anazichukia pembe zile. Nyumba zao za mlimani zilikuwa za msonge, na yeye alishikilia kwamba pembe ni mahali pa kufichia mambo.

"Kwa hiyo tumeshinda," alisema.

"Tumeshinda, mama," alisema Tharsisi. "Kamati nzima imesema tuko sawa."

"Ego, ndivyo," alisema Esteria. "Tuko sawa, na hatuna moto."

* * *

Jumapili alasiri, baada ya kisomo, alikwenda ofisini kuisoma ile karatasi mwenyewe. Wakubwa walikuwa wameisoma mbio, kama watu wasomao kila siku. Wananchi waliambiwa maana yake, wakaridhika kuhuzunika. Esteria hakuweza kusoma mbio. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, silabi moja baada ya nyingine, kidole kwenye karatasi.

"Nyu-mba zo-te. Za ki-ji-ji. Zi-li-nga-ne. Na nyu-mba ya Ndu-gu Tha-rsi-si. I-fi-ka-po ta-re-he i-shi-ri-ni na ti-sa."

Alirudia mara ya pili. Mara ya tatu aliisoma akitafuta kitu ambacho hakikuwapo. Kisha alikwenda kumwita Mwalimu Venanti, aliyekuwa akifunga madarasa.

"Mwalimu, kuna mahali hapa wameandika nyumba ya Tharsisi iwe wapi?"

Mwalimu aliisoma. Alivua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Alianza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Hawakuandika, Mama Renatus. Wameandika zote zilingane nayo, basi."

"Kwa hiyo nikiirudisha ya kwangu walipo wenzangu?"

"Zitakuwa zimelingana nayo." Alitazama huku na huku. "Sikukwambia mimi."

Njiani hakuona raha ya ujanja wake hata kidogo. Alikuwa anafikiria nyasi. Alikuwa ameomba mpaka Juni ili asifanye jambo hilo hilo, na sasa anakwenda kulifanya kwa hiari, mawingu yakiwa pale pale. Alilia kidogo kwenye majani ya migomba kabla ya kufika, akajifuta, akaingia.

Tharsisi aliposikia, kwa mara ya kwanza alisema hapana. Alisema mara tatu, kwa sauti. Mama yake atalala wapi? Waliokataa kumpa mrija ndio wa kufanyiwa wema?

"Zena ana kitoto cha wiki tatu," alisema Esteria.

"Na mimi nina mama!"

"Mama mwenyewe nipo hapa, nasikia," alisema Niyitegeka kutoka kitandani. "Pembe hizi sikuzipenda toka mwanzo. Nitoeni nje kabla mvua haijaja."

* * *

Jumatatu walimtoa na kitanda chake, wakamweka chini ya ghala, wakamfunika kwa mkeka. Tharsisi alipanda juu ya paa, akaanza kung'oa. Nyasi zilishuka kama alivyoogopa, nusu vipande, nusu vumbi. Esteria aliziokota zilizo nzima, akazifunga. Watu walitoka milangoni, wakatazama. Hakuna aliyesogea.

Aliyefika mbio ni Longinus.

"Mnafanya nini? Hiyo ndiyo nyumba iliyo sawa! Hiyo ndiyo mfano wa kata!"

"Tunatekeleza azimio, Ndugu Katibu," alisema Esteria. Hakuacha kufunga nyasi. "Limesema nyumba zote zilingane na ya Tharsisi. Sisi ya Tharsisi tunaisogeza mahali ambapo wote watalingana nayo bila kuchelewa. Tarehe ishirini na tisa iko karibu."

Longinus alikuwa ameliandika azimio kwa mkono wake, na kulikana ilikuwa sawa na kusema Katibu Kata amekosea. Alitazama barabara, akatazama nyumba arobaini. Mojawapo, ya nne kutoka mwanzo, ilikuwa ya shemeji yake aliyekuwa amemfokea siku tatu. Mbwambo alikuwa amesimama nyuma yake, na alikuwa anakohoa kikohozi kisichokuwa cha kifua.

"Kwa hiyo," alisema Longinus polepole, "wananchi wanatekeleza."

"Ndiyo, ndugu," alisema Tharsisi kutoka juu ya paa.

Maneno yale yalikwenda nyumba hadi nyumba kabla Longinus hajafika ofisini. Esteria aliona watu wakiingia ndani mwao, akadhani wamekwenda kucheka. Nguzo zilikuwa zimesimama mahali papya saa tisa hivi, na paa lina nyasi upande mmoja tu, matone ya kwanza yalipoanguka. Alikimbilia ghalani kumshika Niyitegeka. Mawe we, mama yangu we, alisema moyoni, nimemuua mama wa watu kwa kujua kusoma.

Alipoinua macho, Zena alikuwa anakuja, mtoto mgongoni, na kichwani fungu la nyasi. Lilikuwa dogo, kuukuu, jeusi kwa moshi upande mmoja. Alikuwa amelichomoa kwenye upenu wa paa lake mwenyewe, juu ya mlango. Nyuma yake alikuja Athuman na fungu lake, na nyuma ya Athuman watu wa nyumba ya tatu, na ya nne, kila nyumba na fungu moja, wanaume wa ile pombe wamebeba kamba na panga. Hakuna aliyeomba radhi. Walipanda juu tu, wakaanza kugombana na Tharsisi namna ya kuezeka kona. Gharibu, ambaye paa lake lilikuwa la bati na asingeweza kuchomoa kitu, alileta kibiriti. Esteria alikipokea, akamtazama mpaka yeye mwenyewe akainamisha kichwa.

Jioni, Niyitegeka akiwa ndani na sehemu moja tu ya paa ikivuja, Zena alisimama mlangoni na kigae. Juu yake kulikuwa na kaa jekundu.

"Moto wetu umewaka," alisema.

Esteria alitaka kumwambia kwamba kibiriti anacho. Alikipokea kigae kwa mikono miwili, wakalia wote wawili hapo mlangoni, na mtoto naye akajiunga nao.

* * *

Mgeni wa mkoa alipita tarehe ishirini na tisa katika mvua kubwa, vioo vya Landrova vimepandishwa. Kamati ilikutana, ikajipongeza. Kumbukumbu ziliandika kwamba tatizo la wananchi limeshughulikiwa kwa asilimia mia, na kwamba kamati ndogo ya mbuzi iongezewe muda.

Wiki moja baadaye Ndugu Mbwambo alifika kwa Esteria na baiskeli. Kwenye keria alifunga kitu kikubwa cha duara, chenye ngozi na mkono wa shaba. Watu walikitambua, na mmoja baada ya mwingine wakatoka milangoni. Futi kamba ilikuwa imerudi kutoka Kasulu.

"Nimeambiwa nipime kwa ajili ya jalada," alisema. Hakumtazama usoni.

"Pima, Bwana Mipango," alisema Esteria. "Ila utuambie kwanza. Ukikuta si sitini, nani atahama?"

Mbwambo alivuta futi kamba kidogo, ikalia. Alitazama mstari wa nyumba, zimenyooka vizuri kabisa. Kisha aliona kitu ambacho siku zote hakukiona: kila nyumba ya nyasi, pale pale juu ya mlango, ilikuwa na pengo la ukubwa wa fungu moja, na maji ya mvua ya asubuhi yalikuwa bado yanadondoka kutoka kila pengo. Aliyahesabu kuanzia la kwanza mpaka akafika mbali, midomo ikimcheza.

Aliirudisha futi kamba ndani ya ngozi yake, akafunga kishikizo.

"Haifai," alisema. "Agizo linasema hatua. Kitu hiki kina futi na mita tu, hakina hatua. Nitaandika kwamba hakifai."

Alitoa kalamu ya tatu, ambayo Esteria hakuwahi kuiona ikitumika, akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha alipapasa mifuko yake akitafuta kitu, sigara tayari mdomoni.

"Mama Renatus, kuna moto humu?"

"Upo," alisema Esteria, akaingia kuchukua kigae.